Kikapu kitupu hadi Raskazone

Miezi minne ya mwanzo nilitembea na kikapu kitupu. Kikapu cha ukindu, cha mikono mirefu, kile ambacho ukikitia begani hakuna anayekuuliza kitu. Mwanamke mwenye kikapu asubuhi anakwenda sokoni, au anampelekea mgonjwa uji, au katumwa. Lakini mwanamke wa miaka 61 aliyevaa raba chini ya baibui, mikono mitupu, anakata mitaa saa kumi na mbili na nusu alfajiri, huyo ana lake jambo.

Kisa ni sukari. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliitazama karatasi, akanitazama mie, akasema, "Mama, dawa nitakuandikia, lakini utembee. Nusu saa kila siku." Nikamwambia, "mwanangu", mie nimefundisha shule ya msingi miaka 34, kutwa nimesimama, jioni narudi kwa miguu, kama ni kutembea nimeshatembea mpaka zamu yangu imekwisha. Akacheka. "Siyo kutembea kwenda mahali, mama. Kutembea tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonitesa. Naishi Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa yetu ya namba, ambako barabara ya saba wanajua barabara ya kumi na nne wamepika nini. Na nusu ya watu wa mitaa hiyo nimewafundisha kusoma.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu."

"Kheri? Unaelekea wapi?"

"Natembea tu."

Kimya. Halafu kwa sauti ya chini: "Kuna msiba?"

Siku ya tatu jirani yangu, shoga yangu wa siku nyingi, alikuja magharibi na bakuli la kunde. Akakaa, akasifu pazia ambalo analiona kila siku, akauliza bei ya mchele, kisha akatoa alichokuja nacho: nimegombana na mzee? Maana watu wameniona natoka asubuhi kabla jua halijapanda, narudi sina hata kifungu cha mchicha. Kesho yake nikatoka na kikapu. Maswali yakakoma.

Basi niwaeleze ninakopita, maana kuna wenzangu wameambiwa maneno yaleyale na madaktari wao na wanadhani kutembea ni mpaka uende uwanjani kuzunguka na vijana. Tanga ni mji wa kutembea. Ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa. Mwenye goti bovu hana mlima wa kuogopa.

Natoka Ngamiani navuka reli. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga hapa hapa Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika koloni lao la Afrika Mashariki, na wengi wetu tunaivuka kila siku bila kuitazama. Ukishavuka, mji unabadilika: mitaa inapanuka, nyumba zinakuwa za ghorofa zenye roshani za kizamani, rangi imebanduka. Asubuhi ile wauza kahawa wanakoleza mkaa. Nanyoosha moja kwa moja mpaka kwenye mnara wa saa na Bustani ya Jamhuri, ukingoni mwa bahari.

Bustani hii siisifii kupita kiasi. Kuna majira imetunzwa, kuna majira majani yamekauka na mifuko ya plastiki imenasa kwenye ua. Lakini kivuli kipo, na mandhari hayahitaji mtunza bustani. Mbele yako ghuba, mkono wa kushoto bandari na vijimeli vyake, na katikati ya maji kile kisiwa cha Toten. Jina ni la Kijerumani, maana yake wafu. Kisiwani kuna magofu ya misikiti na makaburi ya kale, watu waliishi huko kabla mji haujahamia huku bara. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza kama usiku kuna sauti. Niliwajibu kwamba usiku mie nalala.

Nakaa kwenye benchi dakika tano. Kunguru wanagombania kichwa cha dagaa. Hapo ndipo ninapokula tende moja. Mwenye sukari asitoke bila tende mbili au pipi kwenye pochi, kwa sababu inaweza kushuka njiani na hutajua umepatwa na nini, utaona tu miguu imekuwa ya mtu mwingine. Lilinikuta mara moja, mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimemeza dawa, sikunywa chai, nikajiona hodari. Muuza madafu alinikalisha kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, akanipa dafu, akakataa hela. Sasa nakunywa chai kwanza.

Kutoka bustanini unashika Barabara ya Hospitali kuelekea mashariki, bahari ikiwa kushoto kwako wakati wote. Hii ndiyo njia yangu. Ni kama kilomita tatu mpaka Raskazone, ile rasi ya mashariki mwa mji, lami, miti mikubwa huku na huku: mikungu, mikrismasi ambayo mwezi wa kumi na mbili inawaka nyekundu mpaka chini, mwarobaini, na mibuyu ambayo sijui iliona nini. Nyumba za huku ni za enzi za wakubwa, zimekaa mbali na barabara, viwanja vipana. Unapita Bombo, hospitali ya mkoa, na lile jengo la kale la Mjerumani lililosimama juu ya jabali likiitazama bahari. Wagonjwa waliolazwa zamani walikuwa na upepo mzuri, hilo siwezi kuwanyima Wajerumani.

Mwenye nusu saa tu ageuzie Bombo. Mie mwezi wa kwanza nilikuwa nageuzia hapo, nimeshika kiuno. Mwezi wa pili nikafika Mkonge Hotel, ambako bustani inashuka kuelekea baharini na mibuyu imesimama kama wazee wa baraza. Jina hilo la mkonge si la pambo. Mwaka uleule wa 1893 reli ilipoanza, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikafika hai 62. Sitini na miwili! Darasani kwangu peke yake kulikuwa na watoto zaidi ya hao. Na kutoka kwenye hiyo ikatoka mikonge yote iliyolisha Tanga, iliyoleta manamba kutoka mbali, iliyomleta hata babu yangu mzaa mama akitokea Songea. Hakurudi. Watu husema Tanga ni ya waja leo waondoka leo. Babu alikuja leo akazikwa hapa.

Mwezi wa tatu nikafika Raskazone.

Hapa naomba niseme jambo la aibu kidogo. Kwa miaka mingi nilifundisha Vita vya Tanga ubaoni. Novemba 1914, Waingereza wanaleta jeshi kutoka India, watu kama 8,000, chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000, mkuu wao Lettow-Vorbeck. Waingereza wakashindwa. Wanafunzi wakanakili, wakajibu mtihani, wakasahau. Nami nilikuwa nasema "walishuka Raskazone wakaelekea mjini" kama mtu anayesema jina la mji wa Ulaya, na kumbe ni njia ambayo ningeweza kuwapitisha wale watoto kwa miguu kabla ya kengele ya saa nne.

Siku niliyofika mara ya kwanza nikageuka nyuma kutazama nilikotoka. Wale wanajeshi walikuwa wamekaa melini majuma kadhaa, bahari imewatapisha, wanashushwa usiku kwenye ufukwe wasioujua, wanaingia kwenye mashamba ya mikonge, minazi na mpira ambamo huoni hatua kumi mbele. Wajerumani wanawasubiri kwenye lile korongo lililochimbwa kupitisha reli. Reli ninayoivuka mie kila asubuhi na kikapu. Kutoka walikoshuka mpaka kule walikofia wengi, mie mgonjwa wa sukari natumia chini ya saa moja. Halafu nyuki. Risasi zilitoboa mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka kwa hasira, wakawashukia wote bila kuuliza bendera. Waingereza wengine wakaamini kabisa kwamba Mjerumani kawatega nyuki. Mpaka leo wako wanaoviita Vita vya Nyuki. Hilo la nyuki wanafunzi wangu hawakulisahau kamwe. Mengine yote walisahau.

Raskazone kuna sehemu za kuogelea ambako unalipa kiingilio kidogo, kuna soda na viti, watoto wanapenda. Mie napenda kusogea mbele, kwenye mvinje, pale upepo unapopita kwenye majani ukasikika kama mtu anapepeta mchele. Ng'ambo ya maji unaiona Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia. Siku hizi vijana mjini wote wana habari za bomba. Ukikaa mvinjeni husikii bomba, unasikia mchele.

Njia ya kurudi kuna wakati napitia chini, ufukweni, na hapa ndipo nilipopata fundisho.

Shoga yangu, yule wa kunde, aliniambia: maji hupwa saa nne asubuhi, teremka saa tatu, utatembea mchangani mpaka uchoke. Neno lenyewe ni kweli, ila lilikuwa nusu. Nikateremka saa tatu. Bahari ilikuwa imesogea mbali kweli, imeacha mchanga wa mawimbimawimbi, vidimbwi, na mizizi ya mikoko imebaki juu kama vidole. Nikavua raba nikazitia kikapuni, mara ya kwanza kikapu kile kubeba kitu. Nikaanza kutazama kaa. Kuna wale wadogo wenye gando moja kubwa kuliko wao wenyewe; wamejaa tele mlangoni mwa mashimo yao, kila mmoja anapunga lile gando juu chini, juu chini, kama watoto wanaojua jibu na mwalimu hawaoni. Nilikaa chuchumaa nikiwatazama, sijui dakika ngapi. Mmoja alikuwa hana gando kubwa, limekatika, na bado alikuwa anapunga kile kigutu.

Nilipoinuka, mchanga niliopitia haukuwapo.

Si kwamba maji yalikuwa mengi, yalikuwa ya vifundoni. Lakini mbele yangu kulikuwa na jabali linaloingia baharini, na nyuma yangu vidimbwi vilikuwa vimeshikana kuwa kitu kimoja, na kilikuwa kinatembea. Nikaweka kikapu kichwani, nikapandisha baibui bila kujali nani anaona, nikarudi nilikotoka nikikanyaga mawe yenye miiba na maganda ya chaza. Yalifika magotini. Kuna mzee alikuwa ameketi kwenye mtumbwi wake anashona wavu, ananitazama muda wote ule.

"Bi mkubwa, maji yanajaa hayo tangu saa mbili."

"Mie nimeambiwa yanapwa saa nne!"

"Saa nne ya mwezi upi?"

Akanifundisha, na mie mwalimu nikakaa mchangani miguu inavuja damu kidogo, nikafundishwa. Saa nne ni siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndipo maji hujaa sana na kupwa sana. Siku inayofuata saa inasogea mbele kama dakika hamsini. Siku mbili tatu kabla, inakuwa nyuma kwa kiasi hicho kwa kila siku moja. Siku ile mwezi ulikuwa na siku kumi na mbili tangu uandame, kwa hiyo kupwa kwenyewe kulikuwa mapema, kama saa mbili. Mie nilipoteremka bahari ilikuwa imeshageuka inarudi nyumbani. Na baada ya juma moja tangu bamvua, yanakuwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na hiyo saa nne unayoitaja utayakuta yamejaa. "Hesabu mwezi kwanza," akasema, "ndiyo uhesabu saa." Sasa ninayo kalenda ya Kiislamu jikoni, nimeichora kwa kalamu nyekundu. Na sishuki chini ila bahari ikiwa bado inakwenda.

Yule mzee tukawa tunasalimiana. Zamani alikuwa wa jarife, nyavu za kina kirefu za papa. Anasema kwa macho yake amemwona silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani katoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Pwani yetu wavuvi walianza kuwatoa kwenye jarife miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nilimuuliza ana ladha gani. Akakunja uso. "Mafuta matupu. Angekuwa mtamu angekuwa amekwisha."

Sasa kero yangu. Kuna kichochoro, sitasema ni kipi, ambacho tangu utoto wetu kilikuwa njia ya kuteremkia pwani. Watoto wa Ngamiani tulikuwa tunakimbilia huko sikukuu, nguo za Idi zikirudi na chumvi. Mwaka jana nimefika nikakuta ukuta na geti. Akatoka mlinzi na rungu.

"Mama, hapa hapapiti." Kisha akanitazama vizuri, rungu likaenda nyuma ya mgongo. "Shikamoo mwalimu."

Nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa hodari wa hesabu, mwoga wa kusoma kwa sauti. Nikamuuliza nani kasema hapapiti. Akasema tajiri. Nikamwambia, "mwanangu", kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mita sitini kutoka ufukweni hazitakiwi shughuli za kudumu, huu ukuta nauhesabu hauna hata ishirini. Akasema, "Najua mwalimu, lakini mie nina watoto watatu." Ningemjibu nini? Nikarudi juu, nikapita barabarani. Lakini kila nikipita nasimama pale getini, nahesabu hatua kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili naye asisahau hesabu zake.

Wanaotaka miti badala ya maji waende Amboni. Si ya kutembea kutoka mjini, kwangu mie walau. Ni kama kilomita nane, unapanda bodaboda kwa njia ya Horohoro mpaka Kiomoni. Wajukuu walitaka mapango, tukaingia na kijana wa kutembeza wageni na tochi, popo wakatupita masikioni, tukaoneshwa alikojificha Osale Otango, yule aliyekuwa akisakwa na serikali ya kikoloni, miaka ya 1950 na mahali watu wanapoacha ubani na chupa za marashi. Tukaambiwa pia pango linatokea Mombasa. Mjukuu wangu akauliza kama lina nauli. Mie nilichopenda ni nje, njia ya kivuli kando ya mto Mkulumuzi, ardhi laini ya majani makavu, nyani wanakutazama kwa dharau. Goti halikulalamika hata kidogo. Msiende masika tu, kule tope linashika kiatu likakataa kukirudisha.

Sukari imeshuka, kwa mnaotaka kujua. Haijafika anapotaka daktari, imefika ninapotaka mie. Majira ya kaskazi, Januari mpaka Machi, natoka mapema zaidi, kabla ya kumi na mbili, maana saa mbili tayari jua linapiga kama lina deni na mtu; kusi likianza kuvuma naweza kutoka hata saa kumi na moja jioni, upepo wa baridi kidogo, na pale Jamhuri utakuta wauza mihogo ya kukaanga wameshawasha. Muhogo sili. Nanusa.

Shoga yangu ameanza kunifuata. Alikuja mwezi uliopita akidai anataka kuona kama kweli nafika Raskazone au nakaa Bombo kwa mtu. Daktari hajamwambia kitu, hana sukari, hana presha, ana umbea tu na miguu mizuri. Kesho yake akaja tena. Naye ana kikapu, kipya, cha rangi tatu, alikinunua kwa kazi hiyo. Kwa hiyo sasa tunapita sokoni wanawake wazima wawili, vikapu viwili begani, twende na turudi. Juma lililopita yule kijana wa nyanya, ambaye nilimfundisha yeye na mama yake, alisimama juu ya kreti lake akatuchungulia vikapuni.

"Jamani mwalimu," akasema, "leo tena vitupu vyote viwili?"